Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Sauti Mpya na Suala la Utunzi katika Muziki wa Les Wanyika

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo za bendi katika idara zetu za Kiswahili umezoea njia moja. Mwanafunzi husikiliza wimbo, huyanakili maneno yake, kisha huyachambua maneno hayo kana kwamba ni shairi lililoandikwa na mtu mmoja katika chumba cha faragha. Maudhui hutajwa kwanza, fani hufuata, na mwishoni msimamo wa mtunzi hubainishwa. Ala, sauti na wapigaji huachiwa wataalamu wa muziki.

Makala haya yanadai kwamba njia hiyo ina kasoro ya msingi, na kwamba kasoro hiyo huonekana wazi zaidi pale bendi inapopata watu wapya na kubadilisha sauti yake. Mfano tutakaoutumia ni wa bendi ya Les Wanyika, iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Swali letu ni hili: wageni wanapoingia katika kundi la wenyeji, upya unaosikika unatoka kwa nani? Jibu la haraka ni kwamba unatoka kwa wageni. Tutajaribu kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi.

2.0 Chimbuko la Mfarakano

Ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walianza muziki Tanga, katika Jamhuri Jazz. Kutoka huko walikwenda Arusha, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 walivuka mpaka na kuingia Kenya, ambako waliunda Simba Wanyika. Bendi hiyo ilisimama juu ya ndugu hao. Wao ndio waliokuwa watunzi wakuu na waimbaji wakuu, na gitaa la solo la Wilson ndilo lililokuwa sura ya bendi. Wengine wote, hata walipokuwa mafundi wa kiwango cha juu, walikuwa nguzo za nyumba iliyojulikana kwa jina la mwenye nyumba.

Mmoja wa nguzo hizo alikuwa Omar Shabani, mpigaji wa gitaa la rithimu ambaye baadaye wapenzi wa muziki walimwita Profesa. Mwishoni mwa mwaka 1978 yeye na baadhi ya wenzake, wakiwemo mpigaji besi Tom Malanga na mpigaji dramu Rashid Juma, walijitenga na Simba Wanyika. Walijiunga nao John Ngereza, mwimbaji na mpiga gitaa kutoka Tanzania aliyekuwa tayari akipiga muziki Kenya, pamoja na mwimbaji Issa Juma, mwenye sauti nzito isiyosahaulika. Kundi hilo lilifanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kujitokeza hadharani. Ndipo Les Wanyika ilipozaliwa, nayo Simba Wanyika ikajaza mapengo yake na kuendelea hadi miaka ya 1990.

3.0 Jina kama Matini ya Kwanza

Mhakiki wa lugha hana budi kulitazama jina kabla ya wimbo. Katika "Simba Wanyika" tunaisikia bado maana ya asili: simba wa nyika. Silabi "wa" ni kiunganifu kinachomtegemea simba; mwondoe simba, nacho kiunganifu kinabaki hakina pa kushika. Waliojitenga walimwacha simba nyuma, wakachukua mkia wa kirai na kuutanguliza kwa kibainishi cha wingi cha Kifaransa, "Les", kwa mtindo wa bendi za Kongo zilizotawala dansi la wakati huo. Papo hapo "wanyika" ikaacha kuwa kiunganifu na jina, ikawa nomino ya ngeli ya A-WA: watu wa nyika.

Badiliko hilo si dogo. Umoja wa simba umekuwa wingi wa watu. Isitoshe, "Wanyika" ni jina ambalo watu wa miji ya pwani waliwaita Wamijikenda zamani, nalo lilibeba dharau ya mjini dhidi ya shamba. Hatuna haja ya kudai kwamba wanamuziki hao walikusudia kulikomboa jina hilo. Inatosha kuona kwamba sarufi yenyewe imekwisha kusema jambo ambalo muziki ungelithibitisha: nyumba ya mtu mmoja imekuwa kijiji.

4.0 Waliobaki na Waliokuja

Msikilizaji anayelinganisha bendi hizi mbili hutambua tofauti mara moja. Katika Les Wanyika gitaa la rithimu na gitaa la besi havimfuati tena mwimbaji; vinazungumza vyenyewe. Rithimu ya Omar Shabani hujirudia kwa utulivu, besi ya Malanga huijibu kwa kuacha nafasi mahali ambapo mpigaji mwingine angejaza, na solo hupita juu yake kwa uchache wa noti. Ni muziki wa kujizuia. Kwa upande wa sauti, uzito wa Issa Juma na wepesi wa Ngereza vilileta mwachano ambao haukuweza kupatikana katika uimbaji wa ndugu wawili waliokulia sauti moja.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Wimbo ulioipa bendi hiyo umaarufu, "Sina Makosa", ni utunzi wa Omar Shabani, yaani mwenyeji wa zamani. Gitaa linaloubeba ni lake. Besi na dramu ni za wenzake aliotoka nao. Waliokuja wapya walileta vinywa, na kwa kuleta vinywa walimwezesha mtu aliyekuwa nyuma ya jukwaa kwa miaka mingi kusikika kama mtunzi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kwa chakula: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hula. Katika bendi hii inapata maana ya kina zaidi. Mgeni ameleta nafasi, na mwenyeji ndiye aliyepona.

Tulinganishe na mfano wa mbali. Bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Fleetwood Mac ilianza mwaka 1967 ikipiga bluzi. Mwishoni mwa mwaka 1974 ilipata Wamarekani wawili, Lindsey Buckingham na Stevie Nicks, na sauti yake ikageuka kabisa. Huko pia mpigaji dramu na mpigaji besi, Mick Fleetwood na John McVie, walibaki walipokuwa. Msingi haukuhama, paa ndilo lililobadilika. Lakini wageni wa Fleetwood Mac walikuja na tungo zao wenyewe, na upya wa bendi ulikuwa kwa kiasi kikubwa upya wa watunzi wapya. Katika Les Wanyika, wimbo uliowatambulisha ulitoka kwa mtu wa zamani. Mifano hii miwili inatuonya kwamba neno "mabadiliko" linaficha njia zaidi ya moja, na mhakiki asiyeuliza nani alibaki hawezi kueleza nani alileta nini.

5.0 "Sina Makosa" kama Utetezi wa Wengi

Tuyatazame sasa maudhui. Nafsineni ya wimbo huu ni mtu anayejitetea mbele ya mwenzake aliyemkasirikia. Hoja yake ni kwamba kila mmoja wao ana mwenzi wake nyumbani, hivyo chuki baina yao haina msingi. Ukiyasoma maneno hayo karatasini, utaona udhuru mwepesi wa mtu anayekwepa lawama, na wanafunzi wengi huishia hapo wakihitimisha kwamba wimbo unahusu uasherati.

Ukisikiliza, hali inabadilika. Utetezi haubaki katika kinywa kimoja. Sauti nyingine zinaingia na kuukariri kwa upatanifu, na hivyo madai ya mshtakiwa mmoja yanakuwa ushahidi wa kundi. Wakati huohuo gitaa la rithimu halijali: linarudia mpigo uleule bila hasira wala majuto, bila kufikia mwisho unaotatua lolote. Maneno yanadai kwamba kesi imekwisha. Muziki unasema kwamba itaanza tena kesho. Kejeli ya wimbo huu imo katika mpasuko huo, nao haupo katika maneno yaliyonakiliwa.

Wapo wanaopenda kuusikia wimbo huu kama utetezi wa waliojitenga na Simba Wanyika. Fasiri hiyo inavutia, lakini hakuna kitu ndani ya matini kinachoilazimisha, nasi tunaiacha.

6.0 Upande wa Pili wa Santuri

Huenda ikasemwa kwamba wimbo uliokwisha kurekodiwa una umbo moja la kudumu, na kwamba maneno yake yanaweza kuchambuliwa kama matini andishi yoyote. Jibu limo katika santuri yenyewe. Nyimbo nyingi za dansi za Kenya za wakati huo zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45, zikagawanywa sehemu mbili. Upande wa kwanza ulibeba beti; upande wa pili uliachiwa magitaa, vibwagizo na mara nyingi kuitana kwa wanamuziki wenyewe. Mtafiti anayenakili maneno hujaza ukurasa kwa upande wa kwanza, na akifika upande wa pili kalamu hukauka. Nusu ya wimbo imetupwa, na hiyo ndiyo nusu ambayo bendi ilijitambulisha kuwa bendi.

Fasihi yetu ina mfano wa kale unaoweza kutusaidia. Watunzi wa tenzi walizoea kujitaja katika beti za mwisho. Mwanamuziki anayetajwa na wenzake upande wa pili anatiwa sahihi kwa namna hiyohiyo, ila sahihi ni ya wengi. Pia tunayo takhmisa. Sayyid Abdallah bin Nasir alipoichukua tungo inayonasibishwa na Liyongo, aliitanguliza kila mishororo miwili ya zamani kwa mishororo mitatu yake. Mishororo ya Liyongo haikuguswa, lakini anayeisoma huifikia akiwa amekwisha kuandaliwa na sauti nyingine. Kazi ya Ngereza na Issa Juma ilifanana na hiyo. Hawakuufuta mpigo wa Omar Shabani; walimtangulia, na tangu hapo haukusikika tena kama ulivyosikika.

7.0 Hitimisho

Suala hili lina uzito wa pekee kwetu tunaofundisha Njoro. Neno "mgeni" katika Bonde la Ufa limewahi kutumiwa kama silaha, kama walivyoshuhudia wakazi wa Molo mwaka 1992, na wa Nakuru na vitongoji vyake baada ya uchaguzi wa 2007. Bendi si nchi, na mhakiki asiigeuze kuwa istiara ya kila kitu. Hata hivyo ni kweli kwamba Kiswahili cha mapenzi na cha lawama ambacho wasikilizaji wa bara walikijifunza kupitia redio kilitoka kwa sehemu kubwa katika vinywa vya wahamiaji, watu ambao kibali cha kazi kilikuwa kwao hofu isiyokwisha. Lugha hiyo leo tunaiita yetu.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, tasnifu yoyote juu ya nyimbo za bendi ianze kwa kuorodhesha nani alipiga nini na nani alibaki tangu kundi lililotangulia, kabla ya kunakili neno hata moja. Pili, istilahi ya "mtunzi" itumike kwa uangalifu, ikitofautisha aliyetunga maneno na kundi lililoyapa maana. Issa Juma hakukaa. Alitoka na kuunda Super Wanyika. Omar Shabani na Ngereza waliendelea na Les Wanyika hadi miaka ya mwisho ya maisha yao. Wote sasa ni marehemu, na wanafunzi wanaotaka kujua nani alifanya nini hawana tena wa kumwuliza katika wao. Kilichobaki ni santuri, nazo zina pande mbili.