Tulimtazama Wema, Filamu Tukaziacha

Kwa ploti tulikolelewa, Bongo Movie ilikuwa CD ya hamsini bob iliyozunguka nyumba hadi nyumba mpaka ikaanza kukwama. Sura ya Wema Sepetu ikiwa kwa kava, mjadala ulianza kabla TV haijawashwa: siku hizi yuko na nani? Filamu yenyewe tuliitazama huku tukiendelea kupiga hiyo stori.

Wema alitwaa taji la Miss Tanzania mwaka wa 2006, akapeperusha bendera kwenye Miss World huko Warsaw, Poland. Kisha Steven Kanumba akamwingiza kwa uigizaji na A Point of No Return. Sisi tukakata kauli mapema: sura ndiyo iliyomfungulia mlango, basi hana kingine.

Juzi nimerudia Red Valentine na White Maria kwa simu. Ukweli usemwe, kuna mahali anatamka maneno kama mtoto anayesoma risala. Lakini Bongo Movie za enzi hizo zilipenda kuiacha kamera usoni pa mtu, kinanda cha huzuni kikilia, na wengi walijaza nafasi hiyo kwa kilio. Wema yuko sawa zaidi akinyamaza. Anajua kusikiliza mbele ya kamera, na hiyo si kazi ya taji.

Naye alichangia kutuchanganya. Alipotoa kipindi cha In My Shoes, maisha yake mwenyewe ndiyo yakawa shoo. Halafu Oktoba 2018, video yake ya faragha ikasambaa Instagram, na Bodi ya Filamu Tanzania ikamfungia kuigiza kwa muda usiojulikana. Hebu fikiria: kosa la simu, adhabu ya filamu. Hata serikali ilishindwa kutenganisha mtu na kazi yake, sembuse sisi wa ploti.

Hili linaniuma kwa sababu zangu. Niliacha chuo, na mpaka leo kwa harusi na matanga natambulishwa kama "yule aliyeacha chuo." Hakuna anayeuliza nimeandika nini tangu hapo.

Kwa hivyo ukiwa na bando, chagua filamu moja ya Wema uitazame hadi mwisho. Ukiona hajui kuigiza, sema hajui. Angalau utakuwa umehukumu kazi yake.