Starehe Isiyo na Mwenyeji

Miongozo ya utalii hupima starehe ya mji kwa bustani, wanyama, viwanda vya bia na mikahawa. Kipimo hicho kina kasoro. Tukikitumia Ruanda, wilayani Mbozi, tutaona mahali pa kupita tu kwendea Tunduma. Ilhali wilaya hiyo inacho kimondo cha chuma cha tani nyingi, ambacho wageni walikitangaza mwaka 1930 na wenyeji walikijua tangu zamani. Inayo mashamba ya kahawa, na pombe ya ulezi inywewayo kwa ushirika. Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwongozo usiomtaja mwenyeji humfunza msafiri kununua, haumfunzi kuamkiana. Nasi tukiuiga, tutakuwa wageni kwetu wenyewe.