Ukuta Usioguswa na Brashi

Anayelichora kwa rangi za maji kanisa la San Xavier del Bac, kusini mwa Tucson huko Arizona, hukuta nusu ya kazi imeshafanyika. Karatasi nyeupe, ukuta mweupe. Mwenye rangi za mafuta angeukandika ukuta huo juu ya turubai. Huyu anauacha tu. Ndiyo maana picha nzuri ya kanisa hili huanza na anga: bluu huteremshwa hadi ukingoni mwa mnara, ikakoma hapo, na jengo likajitokeza lenyewe.

Ugumu umo kivulini. Kanisa limeelekea kusini, kwa hiyo jua la asubuhi humtokea mtazamaji kuliani, na ubavu wa kushoto wa kila mnara ukawa gizani. Ukipaka kijivu hapo, umejenga kwa saruji. Paka bluu, kisha idondoshee wekundu wa udongo ingali mbichi, halafu ondoa mkono. Rangi zitakutana zenyewe, na joto la ardhi litaonekana likipanda ukutani. Ukirudia, kivuli kimekuwa tope. Saruji si mfano tu, maana kuta hizi ziliwahi kupigwa saruji, ikafungia unyevu ndani. Baadaye mafundi waliibandua wakarudisha chokaa iliyochanganywa na utomvu wa dungusi kakati.

Katikati pana uso wa hudhurungi uliojaa nakshi. Wengi huhesabu kila ua hapo, kumbe madoa machache yangetosha.

Kinachonipa shaka zaidi ni minara. Wa kushoto una kuba, wa kulia hauna: kanisa lilijengwa kati ya 1783 na 1797, na mnara huo haukumaliziwa. Upungufu huo ndio uhai wa umbo, kwa kuwa anga hushuka upande wa kulia na jicho likaifuata. Anayeuficha nyuma ya mti ili picha ilingane amelisahihisha jengo bila kuombwa.

Mchoraji Edwin Deakin, aliyechora makanisa ya misheni zote 21 za California, alipenda magofu na upweke wake. Wafuasi wa mkondo huo huacha ua wa kanisa mtupu, na hapo weupe wa karatasi hugeuka kuwa ukimya. Tone moja la rangi mlangoni lingetosha kuwa mtu. Watohono O'odham, ambao kanisa limo katika ardhi yao, wangali wanasali humo.