Moshi Unaonuka Jiko Linapowashwa Tu

Nyumba yenye jiko la peleti ikianza kunuka moshi, fundi anayeijua kazi yake huuliza kwanza kuhusu saa. Inanuka wakati gani? Jiko linapowashwa, moto ukishashika, jiko likizimwa, au hata siku ambayo halijaguswa? Watu wengi huanzia kwenye harufu yenyewe, kama ni ya kuni, ya siki au ya plastiki, na matokeo yake hununua vipuri na kubadilisha vitu ambavyo havikuwa na kosa lolote.

Ndivyo ilivyotokea katika nyumba moja mjini Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia jimbo hilo na kukutana na baridi ya miezi na miezi. Mama mwenye nyumba, mwenyeji wa Bukavu, alilikuta jiko limeshafungwa sebuleni alipoinunua nyumba. Kila alipoliwasha, sebule ilinuka moshi kwa dakika kadhaa, halafu harufu ikaisha. Alibadilisha aina ya peleti. Akabadilisha kamba ya gasketi ya mlango. Harufu ikabaki palepale. "Lakini kaka, moto ukishashika hakuna shida tena," aliniambia. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipoanza.

Ili kuelewa kwa nini, lazima ujue hewa inavyotembea ndani ya jiko hili. Peleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa kwa nguvu mpaka likawa vijiti vifupi vyenye unene wa milimita 6 hivi. Marekani huuzwa kwa mifuko ya kilo 18. Unazimimina kwenye sanduku la jiko, na parafujo inayozungushwa na mota huzisogeza kidogo kidogo mpaka zinadondoka kwenye kikombe cha chuma ambamo moto unawaka. Kuna feni mbili. Moja hupitisha hewa ya sebule kwenye vyuma vilivyopata moto na kuirudisha ikiwa na joto. Hii haikutani na moshi kabisa. Ya pili, feni ya moshi, imewekwa baada ya chumba cha moto. Huivuta hewa ipite motoni, kisha huusukuma moshi nje kwa bomba jembamba la inchi 3 au 4. Majiko haya yaliingia sokoni Marekani katika miaka ya 1980, na mmoja wa waanzilishi wake, Jerry Whitfield, alikuwa mhandisi wa mambo ya ndege. Hilo halinishangazi, maana jiko zima ni hesabu ya mwendo wa hewa.

Mahali ilipo feni ya moshi ndipo penye jibu la karibu maswali yote ya harufu. Kila kilicho kabla ya feni kiko upande wa kuvuta: sanduku la peleti, mlango, kioo, chumba cha moto. Kila kilicho baada yake kiko upande wa kusukuma. Mtu akinywa soda kwa mrija uliotoboka, soda haimwagiki kwenye tundu. Hewa ndiyo inayoingia. Gasketi ya mlango iliyochakaa hufanya vivyo hivyo. Hewa ya sebule huingilia hapo bila kupita chini ya moto, mwali unalegea na kuwa wa rangi ya chungwa iliyofifia, kioo kinashika masizi upesi. Ni kasoro, na inafaa kurekebishwa, lakini wakati feni inazunguka haitoi moshi nje. Gasketi mpya ya yule mama ilikuwa nzuri na isingeweza kumsaidia.

Upande wa pili wa feni mambo hugeuka. Ufa mdogo kama unywele kwenye maungio ya bomba, kofia ya kusafishia iliyolegea, gasketi ya feni yenyewe iliyoungua: vyote hivyo husukumiwa moshi muda wote jiko linapowaka.

Muda wote. Kwa nini basi harufu iliisha baada ya dakika chache? Wakati wa kuwasha, kifaa cha umeme hupasha peleti joto mpaka zianze kufuka kabla ya kutoa mwali. Moshi wa wakati huo ni mweupe na mzito, umejaa gesi za mbao ambazo hazijaungua, na pua huutambua hata ukiwa kidogo sana. Mwali ukishika, gesi zile zile zinaungua, na kinachopita kwenye bomba karibu hakina harufu. Tundu halijaziba. Linaendelea kutoa hewa chafu ndani ya nyumba usiku kucha, ila pua haina tena cha kuishtukia. Na ndani ya hewa hiyo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ndiyo hiyo hiyo inayoua watu Afrika Mashariki wanaolala na jiko la mkaa chumbani, madirisha yakiwa yamefungwa. Kwa hiyo harufu inayokuja na kuondoka naiogopa kuliko ile inayokaa, kwa sababu inayokaa humlazimisha mtu kutafuta fundi.

Jiko lilizimwa siku hiyo hiyo, na ving'ora vya kaboni monoksaidi vikafungwa, kimoja sebuleni na kingine karibu na vyumba vya kulala. Ndipo tulipoanza kutafuta.

Jiko likiwa baridi na sanduku likiwa tupu, tulibonyeza kitufe cha kuwasha ili feni ya moshi izunguke. Yule mama alikuwa na vijiti vya udi, na sijaona kifaa cha duka kinachoshinda udi kwa kazi hii. Tulikizungusha kijiti taratibu kwenye ukingo wa mlango: uzi wa moshi ulisimama wima, gasketi ilikuwa imebana. Kwenye kifuniko cha sanduku la peleti ulivutwa ndani kidogo, kama inavyotarajiwa. Kisha tukalivuta jiko kutoka ukutani na kupitisha udi kwenye maungio ya bomba, moja baada ya jingine. Kwenye ungio la kwanza kabisa, pale bomba linapovalishwa kwenye mdomo wa feni, uzi wa moshi ulitawanyika upande wa chini. Kulikuwa na hewa inayopuliza kutoka humo.

Kwa kioo kidogo na tochi tuliona alama ya kahawia, upana wa kidole, ikishuka kutoka kwenye ungio. Nilipoigusa, kidole kilitoka na unga mkavu wa kijivu, jivu laini kabisa linalosafiri na moshi. Silikoni ilikuwa imepakwa nusu ya juu tu, sehemu ambayo mkono unafika kwa urahisi. Nusu ya chini, inayohitaji mtu kulala sakafuni, ilikuwa chuma kwa chuma. Fundi aliyelifunga jiko hilo aliijua kazi, maana nusu ya juu ilipakwa vizuri. Alichokosa ni subira ya kulala chini.

Kulikuwa na jambo la pili. Kwenye kona ya bomba, chini ya kofia ya kusafishia, jivu lilikuwa limejaa na kuacha njia nyembamba. Feni ilikuwa ikisukuma dhidi ya kizuizi, na hewa inayokosa njia mbele hutoka kwa nguvu zaidi kwenye ufa ulio nyuma yake. Pengine bomba likiwa safi ufa ule ungevuja kidogo tu na nyumba isingenuka kitu, jambo ambalo lingekuwa baya zaidi.

Matengenezo yenyewe yalikuwa mepesi: kukwangua silikoni ya zamani, kufagia bomba lote, kupaka silikoni ya joto kali mduara mzima, kukaza skrubu, kuacha ikauke siku nzima. Aina nyingi za silikoni hiyo hunuka siki zinapokauka, na ni vizuri kumwambia mwenye nyumba mapema asije akadhani jiko limepata ugonjwa mpya. Baadaye tulirudia udi, kisha tukawasha moto wa kweli huku taa zimezimwa na mwanga wa tochi ukipita sambamba na maungio, kwa kuwa moshi mweupe wa kuwasha huonekana vizuri kwenye mwanga wa pembeni. Hapakuonekana chochote.

Harufu nyingine zina nyakati zake. Jiko jipya hunuka rangi katika moto wa mwanzo, na jiko lililolala majira yote ya joto hunuka vumbi linaloungua. Fungua madirisha, itapita. Harufu inayofanana na samaki au mkojo mara nyingi ni plastiki ya waya au ya mota inayopata joto kupita kiasi. Hapo jiko lizimwe na waya uchomolewe ukutani, mengine baadaye. Harufu chachu ya masizi wakati wa kiangazi, jiko likiwa baridi, hutoka kwenye bomba lisilosafishwa mwisho wa msimu: unyevu umeingia, na feni ya jikoni au ya bafuni inavuta hewa ya nyumba mpaka bomba linapumulia ndani. Ikinuka siku za upepo tu, tazama mdomo wa bomba nje. Unapaswa kuwa mbali na dirisha linalofunguka lililo juu yake au kando yake, angalau mita 1.2.

Umeme ukikatika moto ukiwa unawaka, feni inasimama na kanuni yote ya kuvuta na kusukuma inavunjika. Peleti zilizobaki kwenye kikombe hufuka, na moshi hutafuta upenyo wowote, pamoja na mlango ule ambao awali haukuwa na hatia. Maine hupata dhoruba za theluji zinazoangusha nyaya, kwa hiyo bomba linalopanda wima kabla ya kutoka lina faida kubwa: moshi wa moto hupanda wenyewe.

Mara chache peleti zenyewe ndizo zinazonuka, harufu kali inayokaribia ile ya mafuta yaliyochacha, hasa za msonobari. Mafuta ya mbao hukutana na hewa, na mabadiliko hayo ya kikemia hutoa pia kaboni monoksaidi hata bila moto wowote. Mnamo Novemba 2006, bandarini Helsingborg nchini Sweden, baharia mmoja wa meli ya Saga Spray alifariki baada ya kuingia kwenye ngazi iliyopakana na shehena ya peleti. Mifuko michache kwenye banda lenye hewa haina hatari ya kiasi hicho. Ila katika nchi kama Austria na Ujerumani kuna nyumba zinazojaziwa peleti kwa lori kwenye ghala lililofungwa, na ghala la namna hiyo huingiwa baada ya kupitishwa hewa na kupimwa, mtu wa pili akiwa amesimama mlangoni.