Mwendo wa Kuingia Nao Sekenke

Barabara ya Singida kwenda Nzega ina vipande virefu vilivyonyooka juu ya uwanda wa Iramba, kisha Mlima Sekenke unaishusha kwa kona kuelekea Shelui. Mhandisi anayesanifu mahali pa namna hii huchagua kwanza mwendo wa usanifu, na kona ikiukidhi mwendo huo, mchoro hupita. Lakini dereva haoni mchoro. Anaendesha kwa mazoea aliyoyapata kilomita kumi zilizopita, na hatari kubwa iko pale barabara inapombadilikia ghafla. Kwa hiyo kabla kona haijachorwa, inafaa tukadirie gari litaifikia likiwa na mwendo gani.

Makadirio hayo yanawezekana. Kay Fitzpatrick na wenzake, katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000, walipima magari yaliyokuwa hayabanwi na msafara, wakatafuta mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi. Kwenye kona ya mteremko wa asilimia 4 hadi 9, walipata kwamba mwendo huo ni 102.10 ukitoa 3077.13 iliyogawanywa kwa nusu kipenyo cha kona kwa mita. Tuchukue kona ya mfano yenye nusu kipenyo cha mita 100: jibu ni kilomita 71 kwa saa. Anayetoka kwenye mnyooko akiwa na 100 anatakiwa apunguze 29, wakati kigezo cha mtafiti wa barabara Rüdiger Lamm huhesabu tofauti inayozidi 20 kuwa usanifu mbaya, na isiyozidi 10 kuwa mzuri. Sasa tangulizeni kona mbili pole, ya mita 300 na ya mita 150. Mwendo unashuka kutoka 100 hadi 92, 82, kisha 71. Kona kali ni ileile, ila dereva ameshaandaliwa, hatua kwa hatua za karibu 10.

Wapo watakaosema dawa ni kibao na trafiki. Vinahitajika, lakini tochi ya trafiki inafanya kazi pale ilipo tu, na madereva wanapashana habari zake kwa kuwashiana taa. Kona ipo usiku na mchana. Pingamizi zito zaidi ni kwamba namba hizo zilitokana na magari madogo ya Marekani, na Sekenke hupita mabasi na malori ya mizigo ya kwenda Rwanda na Burundi, ambayo breki zake zikishapata moto hesabu nyingine inaanza. Ni kweli kabisa, na ndiyo sababu ya kuazima mbinu na kuziacha namba. Kumbukumbu za mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) wa kufuatilia mabasi zingesaidia, ingawa basi lenye kikomo cha 80 na dereva anayejua anatazamwa halituambii lolote kuhusu lori au gari dogo. Inabidi kulaza mipira ya kuhesabia magari barabarani, mmoja mwishoni mwa mnyooko na mwingine katikati ya kona, kwa wiki nzima, na lori lenye shehena lihesabiwe peke yake.