Fremu ya Duara, Kitambaa Bapa: Glavu za Baridi Zilivyofumwa Kings Heath

Fremu ya plastiki ya duara yenye vigingi 24 ilitengenezwa kwa ajili ya kichwa. Ukivizungushia uzi vigingi vyote na kufuma mzunguko juu ya mzunguko, unapata bomba lenye mzingo wa karibu sentimita 31, yaani kofia ya mtoto mchanga. Kiganja cha mwanamke mtu mzima, kikizungushwa utepe chini ya vidole bila gumba, huwa na sentimita 18 hadi 20 hivi. Ukivaa bomba la sentimita 31, glavu itakuvuka kabla hujafika kituo cha basi.

Jozi ninayoichambua hapa ilifumwa Kings Heath, kusini mwa Birmingham, kwa fremu hiyohiyo ya vigingi 24, na imekaa mkononi sawasawa. Ni glavu za gumba: vidole vinne vinakaa pamoja katika mfuko mmoja, kidole gumba kinapata chumba chake. Aliyeifuma hakubadilisha fremu wala hakukata kigingi. Alichofanya ni kuiacha njia ya duara na kufuma kwenda na kurudi, kitambaa bapa, kisha akakikunja na kukishona ubavuni. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliookoa kazi nzima, na mengine yote yaliyofuata yalitokana nao.

Umbo la glavu nalo lina sababu. Usiku wa Januari, joto la Birmingham hushuka hadi nyuzi 1 au 2 za Selsiasi. Kwa nchi za kaskazini hiyo si baridi kali, ila huja na manyunyu na upepo, na mtu anayengoja basi namba 50 kwenye High Street ya Kings Heath huumia vidole kwanza. Glavu ya vidole vitano hukitenga kila kidole na mwenzake, na kila kimoja kinapoteza joto pande zote. Vikikaa pamoja vinne vinagawana hewa moja iliyopashwa moto. Hasara yake ni kwamba huwezi kubonyeza simu. Kwa mtu aliyekulia Tanga au Mombasa, naona hiyo ni hasara ya kukubali bila kusita.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Katika fremu hii kila kigingi hubeba kitanzi kimoja. Uzi unapitishwa mbele ya kigingi, juu ya kitanzi kilichopo, kisha kulabu ndogo inakiinua kitanzi cha chini na kukivusha juu ya kichwa cha kigingi hadi kidondokee ndani ya duara. Kitanzi kipya kimezaliwa, cha zamani kimekuwa kitambaa. Hakuna sindano mbili za kushika. Ni jambo la kupendeza ukizingatia mahali penyewe, kwa kuwa barabara ya Alcester inayokatiza katikati ya Kings Heath ikiendelea kusini hupita karibu na Redditch, mji ambao katika karne ya 19 ulitengeneza sehemu kubwa mno ya sindano zilizotumika duniani.

Kinachoitawala fremu ni nafasi kati ya kigingi na kigingi. Mfumaji wa sindano akitaka kitambaa kizito hubadilisha sindano akachukua nyembamba. Mfumaji wa fremu hana uhuru huo, kwa sababu vigingi vimesimama pale vilipopigwa, vikiachana kwa karibu sentimita 1.8. Kitambaa kikishatoka kwenye fremu hujikusanya, na kwa uzi mnene wa jozi hii kila kitanzi kilitulia kwenye upana wa sentimita 1.3. Hesabu inatoka hapo: vitanzi 16 mara 1.3 ni sentimita 20.8, na mshono ukila nusu kitanzi kila upande zinabaki 19.5. Hicho ni kipimo cha mkono. Kwa hiyo mwili wa glavu ulifumwa kwenye vigingi 16, kuanzia cha 5 hadi cha 20, na vigingi vinane vikabaki vitupu, vinne kila upande. Vikumbuke vigingi hivyo vinane.

Mtu atauliza kwa nini asizunguke kwenye vigingi 16 hivyo na kuuvusha uzi katikati ya duara kurudi mwanzo. Anaweza, lakini ule uzi unaovuka hauna kitanzi cha kuushika, na kila mzunguko unaacha mwanya uleule. Mwisho wake ni ngazi ndefu ya nyuzi tupu kutoka kifundo hadi ncha ya vidole, na upepo hauhitaji mlango mwingine.

Mvutano huu kati ya bapa na duara una historia ndefu katika nchi hiyohiyo. William Lee wa Calverton, Nottinghamshire, anayehesabiwa kuwa mbunifu wa mashine ya kwanza ya kufumia soksi mwaka 1589, alitengeneza mashine ya kitambaa bapa. Soksi ilitoka kama kipande kipana, ikapunguzwa kifundoni kwa kuvihamishia ndani vitanzi vya ukingoni, kisha ikashonwa nyuma ya mguu. Mwaka 1816 Marc Isambard Brunel alipata hataza ya mashine ya kufuma kwa duara. Bomba lake halikuwa na mshono, lakini bomba halijui tofauti ya shavu la mguu na kifundo. Fundi wa sweta za shule pale Limuru au Njombe, mwenye mashine ya mkono mezani, bado anafuata njia ya Lee: kifua, mgongo na mikono ni vipande bapa, umbo linatolewa ukingoni, kisha vyote vinaunganishwa. Glavu ya Kings Heath iko upande wa fundi huyo.

Baada ya upana, jambo lililoamua ubora ni aina ya kitanzi. Njia inayofundishwa kwanza kwa wanaoanza ni kuuzungusha uzi kigingi kizima, duru kamili, ndipo kitanzi cha chini kivushwe. Ni rahisi kwa mkono, lakini kila kitanzi kinatoka kirefu, kimejisokota mguuni, na kitambaa kinakuwa kama wavu. Kiinue dirishani uone mwanga unavyopita. Kwa kofia inavumilika. Kwa glavu ni kasoro kubwa, na vipande vingi vya fremu vinavyodharauliwa na wafumaji wa sindano vimeharibiwa na kosa hili tu. Jozi hii ilitumia njia ya kupitisha uzi mbele ya kigingi bila kuuzungusha. Kitanzi kinatoka kifupi, kimekaa wima, na kila mstari ulipata kimo cha sentimita 0.9. Kazi ni ngumu zaidi kwa kulabu, kwa kuwa uzi unabana, na mfumaji lazima aulegeze kidogo kwa kidole kila anapovusha.

Uzi ulikuwa wa sufu mnene. Asiyeupata ashike nyuzi mbili za unene wa kawaida kwa pamoja, matokeo yatakaribiana. Sufu ilichaguliwa kwa sababu ya unyevu: inaweza kunyonya mvuke wa maji hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi majimaji, wakati akriliki hainyonyi kitu cha maana. Kwa mji wa manyunyu, ningelipa tofauti ya bei.

Mkanda wa kifundo ulichukua mistari 7, vitanzi viwili vya kawaida vikifuatwa na viwili vya kinyume. Kitanzi cha kinyume hupatikana kwa kuuweka uzi chini ya kitanzi kilichopo, kuuvuta juu kupitia ndani yake kwa kulabu, kukitoa cha zamani na kukirudisha kipya kigingini. Kwenye fremu uso wa kitambaa unakutazama wakati wote hata unapofuma kwenda na kurudi, kwa hiyo kigingi cha kinyume kinabaki cha kinyume mwanzo hadi mwisho. Mfumaji wa sindano mbili hugeuza kazi kila mstari na kugeuza hesabu pia. Na kwa kuwa 16 inagawanyika kwa 4, mpangilio uliunganika mshononi bila kuruka.

Mistari minne ya kiganja ilifuata, ndipo tukafika kwenye gumba, na hapa ndipo vile vigingi vinane vitupu vilipofanya kazi yao. Mstari ulipofika kigingi cha 20, uzi uliendelea kuzungushwa kwenye cha 21 hadi cha 24. Mfumaji akageuka, akafuma kurudi hadi cha 5, akazungusha cha 4 hadi cha 1. Sasa fremu imejaa: 16 vya mwili na vinne kila ubavu. Ikafumwa mistari 5. Hatari ya pekee iko katika mistari hii, kwa sababu kigingi cha 24 na cha 1 sasa ni majirani na mkono unataka kuendelea kuzunguka. Ukivuka mara moja tu, bomba limefunga na chumba cha gumba kimepotea. Lazima ugeuke, kila mara.

Baada ya mistari hiyo vitanzi vinne vya kila ubavu vilifungiwa, upande mmoja mwanzoni mwa mstari, mwingine mwanzoni mwa mstari uliofuata. Kufungia kulifanywa kwa ulegevu, maana ukingo uliobanwa huvuta gumba lote. Yakabaki masikio mawili yaliyotokeza, kila moja lenye urefu wa karibu sentimita 5. Kitambaa kikikunjwa yanalaliana, na yakishonwa chini, ncha na juu yanakuwa chumba. Kwa kuwa gumba liko mshononi, glavu haina kulia wala kushoto. Hiyo ni faida kubwa kwa familia yenye watoto wanaopoteza moja kila juma.

Mistari 11 zaidi ilifika ncha ya vidole. Vitanzi 16 vya uzi mnene vikikusanywa pamoja hutengeneza fundo linalosumbua kidole cha kati, basi kila kitanzi cha pili kilihamishiwa kwa jirani yake, ukafumwa mstari mmoja, na uzi ukapitishwa kwenye vinane vilivyobaki na kuvutwa. Mshono wa ubavuni ulifuata kwa sindano butu ya jicho pana.

Kasoro zipo. Gumba linatoka kwa pembe ya mraba kama mkono wa kanzu, wakati gumba la mtu huinama kuelekea vidole, hivyo kitambaa hukunjamana kidogo kwenye tako la gumba. Tena, sentimita 5 ni fupi kwa mwanamume mwenye kidole kirefu, na vigingi vitupu vimekwisha. Fremu hizi huuzwa pia zenye vigingi 31, 36 na 41. Ya 31 inatatua: 18 vya mwili na 6 kila ubavu, jumla 30. Glavu ya vidole vitano sishauri kabisa kwa fremu hii. Kidole kimoja kingehitaji vitanzi vitano au sita vinene, na mshono ndani ya kila kidole ungekuwa adhabu.

Ukitaka kujaribu, fuma kwanza kipande cha vigingi 10 na mistari 10 kwa uzi utakaoutumia, kitoe, kiache kitulie, kisha ukipime kwa rula na ugawanye. Pima na mkono wako, usikisie. Kwa kiganja cha sentimita 19 na kitanzi cha sentimita 1.3, vigingi vya mwili ni 16, kimoja kikiwa cha kuliwa na mshono.