Teke na Sauti: Lugha katika Filamu ya Wakaliga

Katika filamu ya Isaac Nabwana, Who Killed Captain Alex? (2010), iliyotengenezwa Wakaliga, Kampala, kung fu ya Bruce U haihitaji mkalimani. Udhaifu umo katika sauti. Toleo lililosambaa mtandaoni linasimuliwa na VJ Emmie kwa Kiingereza, juu ya mazungumzo ambayo mengi ni ya Kiganda. Utani wake ndio uhai wa filamu, si pambo. Lakini kwa mtazamaji wa Masafu, wilayani Busia, pengo ni dhahiri: ng'ambo ya mpaka, DJ Afro husimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili. Katiba ya Uganda iliitambua lugha hii mwaka 2005. Sera ingali inamtazama mwalimu peke yake, ikimsahau msimulizi wa kibanda cha video.